Buibui Chini ya Kitanda cha Ketrina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ketrina alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji na kumsaidia mama kutandaza kahawa kwenye kichanja ili ipate jua. Juma hilo alijiongezea ya nne, ambayo hakutumwa na mtu. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda na kuvuta kopo la plastiki lililofunikwa kwa kitambaa. Humo ndimo alimokaa buibui wake.

Alimkamata shambani kwao, hapo hapo kijijini Iyula, chini ya mti wa kahawa. Mwalimu Aliko alikuwa amewaagiza darasa zima wachore viumbe wadogo wa nyumbani. "Chora unachokiona, usishike usichokijua," alisema. Masikio ya Ketrina yalisikia nusu ya kwanza tu. Katika daftari lake aliandika: rangi ya kahawia, mistari miwili myeusi mgongoni, miguu minane, hafumi utando, anakimbiza mawindo. Mbele ya neno "Aina" aliacha nafasi, kwa sababu hakujua. Wala hakujua kama ana sumu.

Mama alimwona buibui huyo siku ya kwanza. "Kitu hicho hakilali ndani mwangu. Kakitupe."

"Nimeshamtupa, mama," Ketrina alijibu baadaye, macho makavu.

Aliyejua siri hiyo ni mmoja tu: Recho, mdogo wake wa miaka saba, aliyelala naye kitanda kimoja. "Ukisema, sikubebi tena mgongoni," Ketrina alimwonya. Na kwa kuwa buibui halishwi ugali, kila jioni alimtuma Recho kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, akamtafutie panzi. Recho alikwenda pekupeku, akifurahi kutumwa na dada.

Alhamisi asubuhi kopo lilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa kimelegea.

Jamani, siku hiyo Ketrina hakutulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye aliwaamini kabisa: alikung'uta sketi, blanketi, soksi na mito. Darasani jicho moja lilikuwa ubaoni na jingine kwenye viatu. Aliporudi nyumbani alianza upya.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza.

"Kalamu, mama."

"Kalamu gani inatafutwa juu kwenye kenchi za paa?"

Ketrina akashusha macho. Usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, kila unywele ukimgusa anaruka. Ijumaa ikapita hivyo hivyo.

Jumamosi Recho hakuweza kukanyaga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, una moto, unang'aa.

"Umefanyaje?" mama aliuliza.

Recho alimtazama dada yake kwanza. "Sijui," akasema.

Ketrina aliukodolea macho mguu ule. Amemng'ata, aliwaza. Buibui wangu amemng'ata mdogo wangu, na mimi nimenyamaza siku mbili.

Mama alimbeba Recho hadi zahanati, Ketrina akifuata nyuma na mkoba wake wa shule, akiwa amesahau hata kwa nini ameuchukua. Njia nzima maneno yalifika mdomoni yakarudi. Alipotaka kusema, mama aligeuka kumwambia aharakishe. Alipotaka tena, Recho aliugulia.

Nesi Tukuswiga, mwanamke mpole lakini asiyependa kupotezewa muda, aliushika mguu. "Mtoto aliumwa na nini?"

"Hasemi. Labda siafu," mama alijibu.

"Mama, mimi siwezi kutibu labda," nesi akasema. Hata hivyo alivuta kadi ya mtoto na kushika kalamu.

Kalamu ile ikagusa karatasi, na Ketrina akashindwa kuvumilia.

"Ni buibui. Mama, sikumtupa. Nilimficha chini ya kitanda, ametoroka tangu Alhamisi. Ndiye aliyemng'ata Recho."

Nesi aliweka kalamu chini. Akauliza taratibu, "Buibui wa namna gani?" Ketrina alifungua mkoba, akatoa daftari. "Yuko hivi. Lakini jina lake silijui."

Hapo Recho akaanza kulia. "Si buibui, dada. Nilichomwa na bua nikitafuta panzi wake. Ulisema nisiseme."

Nesi aliwasha kurunzi, akaosha wayo, akabinya pole pole. Usaha ulitoka, kisha kibanzi cha bua kirefu kama nusu ya njiti ya kiberiti. Alimchoma Recho sindano, akampa mama dawa. "Mngechelewa siku chache," alisema, "tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Walipofika nyumbani mama alitaka kuwahi shambani. Aliinua buti lake la mpira kulikung'uta, na kutoka humo akadondoka buibui. Mama aliruka nyuma. Ketrina alimfunika kwa kopo, akapitisha kipande cha boksi chini yake, akamrudisha chini ya mti ule ule wa kahawa. Buibui aliingia kwenye majani makavu asiangalie nyuma.

Mama alikuwa amesimama karibu.

"Buibui hana kosa," alisema. "Kulala na kiumbe usichokijua ni ujinga, na ujinga unafundishika. Kunidanganya ni kosa, nalo umelikiri. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulipofunga mdomo wako, ulifunga na wa mtoto. Amevumilia maumivu siku zote hizi ili kulinda uongo wako. Uongo hauumizi mwenyewe peke yake."

"Nisamehe, mama."

"Kamwombe Recho."

Recho alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa bandeji. Ketrina alimwomba radhi. Recho alifikiri kidogo.

"Nimesema siri," alisema kwa wasiwasi. "Sasa hutanibeba tena?"

Ketrina akachuchumaa, akageuza mgongo.

"Panda," alisema.

Alimbeba siku hiyo, na Jumatatu akambeba tena mpaka shuleni.