Waya Uliopungua

Kila jioni, akishamaliza kutwanga kisamvu, Oliva aliwasha redio ya mama yake. Redio ile ilikaa juu ya kabati, imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na pale kijijini Mkunya hapakuwa na aliyethubutu kuisogeza.

Jumamosi mdogo wake, Chrispin, angetoka jandoni. Spika moja ilitakiwa ifike uani, wageni wacheze.

"Nitaifunga mimi," Oliva alimwambia Mjomba Fortunatus.

Kelvin, mtoto wa jirani, akacheka. "Mjomba, kodi muziki. Huyu atatuwekea mbu aimbe."

"Mwache ajaribu," alisema Mjomba. "Redio yangu ya ujanani ilisikika hadi Tandahimba, kuku wa huko wakasahau kutaga. Lakini Oliva, ikishindikana hadi kesho jioni, nakodi."

Oliva akapima kwa kamba kutoka kwenye redio hadi uani, akaenda Newala mjini. Dada Pendo, muuza vifaa vya umeme, alimwekea waya wa aina mbili mezani: mwembamba unaong'aa, na mnene usio na urembo.

"Spika ikiwa mbali, chukua mnene," alisema. "Sauti ni kama maji kwenye mpira. Mpira ukiwa mwembamba, utachota matone."

Oliva akachukua mnene, urefu wa kamba yake.

Nyumbani, lo, waya haukufika. Kamba ilikuwa imekata sebule moja kwa moja, lakini waya ulipaswa kupanda juu ya mlango ili watu wasijikwae. Kelvin alikuwa dirishani anachungulia, tayari kucheka. Oliva akaunga kipande cha waya wa chaja mbovu, akakificha nyuma ya pazia.

Jioni walipojaribu, spika ya uani ilinong'ona. Mjomba akaongeza sauti, ikakoroma, ikakata.

"Spika mbovu hiyo," alisema Kelvin.

Mjomba akatoa simu ampigie mwenye muziki. Oliva akamshika mkono. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa spika.

"Spika ni nzima, Mjomba. Nilipima vibaya, nikaunga waya wa chaja nyuma ya pazia." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, naomba kabati lisogee hadi dirishani. Waya ukipitia dirishani, utatosha."

Mama alilitazama kabati. "Tangu niolewe halijasogea."

"Nitafagia na nyuma yake."

Wakalisukuma, Kelvin naye kashika kona moja. Oliva akakata kile kiungo, akafunga upya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Jumamosi Chrispin aliingia na nguo mpya, na uani muziki ukavuma, vumbi la wachezaji likapanda hadi kwenye paa. Mama akamvuta Oliva kando.

"Ungenyamaza jana, tungekuwa tunaitukana spika isiyo na kosa. Mwanangu, ukikosea kupima, sema mapema, wakati kabati bado linasukumika."