Maji ya Kipaimara

Rafiki yangu Lucas ni zimamoto kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemwomba maji ya gari lao kwa sherehe ya kipaimara cha binti yangu, kule kwetu Pongwe. Kabla hajalijaza tena, ndege ikaanguka, ikawaka. Mpira ukatoa matone tu. Rubani aligonga kioo mpaka akanyamaza.

Makaburini, Ritha, mjane wa rubani, alimwambia Lucas, "Shemeji, mwenzio alikugongea hukumfungulia. Atakugongea tena."

Juzi mchana Lucas alijaza tangi pomoni, akafunga. Akasikia ngo, ngo, ngo, kutoka ndani. Akafunua. Maji yalikuwa yametulia tuli. Upande wa ndani wa mfuniko palikuwa na alama ya kiganja cha masizi, bado ina joto.