Hapana ya Lahari

"Usiinuke! Bhargav, nakwambia usiinuke hapo ulipo!"

"Chai inafurika jikoni."

"Iache ifurike! Mpigaji wetu yuko mikimbio themanini na kitu, na wewe umekaa hivyohivyo tangu aingie uwanjani. Ukiinuka, anatoka."

Mama Varalakshmi, mama yake Bhargav, alicheka mpaka upindo wa sari ukamdondoka begani.

"Lahari mwanangu, hapo umenena. Siku ya fainali moja, marehemu baba yake huyu alinikataza kwenda hata msalani."

"Unaona? Mama anaelewa kriketi. Wewe unaelewa chai tu."

"Mimi naelewa kwamba nahodha wetu ni mbumbumbu," Bhargav alisema. "Kipindi cha kwanza, mrushaji wetu wa mipira ya kuzunguka alitakiwa aingie mapema."

"Mapema wakati umande ulishalowanisha mpira? Mpira ungemteleza mkononi. Kaa kimya, tazama."

Chai ikaanza kunuka kuungua. Bhargav akainuka. Hakuwa amefika mlangoni, mtaa mzima hapo mjini Vijayawada ukapiga yowe moja, kisha kimya. Mpira ulikuwa umeangusha vijiti vya wiketi, na mpigaji ametoka.

Lahari akamrushia mto.

"Umemuua! Umemuua mtoto wa watu!"

Alikuwa anafoka, lakini alikuwa anacheka pia. Hilo Bhargav alilikumbuka vizuri sana baadaye, alipokaa akijaribu kuelewa. Alikuwa anacheka.

Yakaja matangazo. Kwenye skrini ya televisheni akatokea yule mwigizaji ambaye mji wote ulikuwa unamwita Shujaa, kwenye pikipiki, anamfuata msichana aliyepanda riksho. Ilikuwa filamu iliyojaza kumbi tangu mwezi uliopita.

"Hii umeshaiona?" Lahari aliuliza.

"Mara nne! Siku ya kwanza mimi na Suribabu tulipanda juu kabisa, tukalimwagia maziwa bango lake la mbao pale nje ya ukumbi, kumpa heshima. Ngoja uone inavyoisha."

"Naijua inavyoisha. Msichana anakubali. Kwenye filamu zetu, msichana akisema hapana, ndiyo kwanza wimbo unaanza."

"Sasa ulitaka aishie kukataliwa? Jamaa kamfuata chuoni, kamfuata kituoni, kamfuata mpaka kwenye harusi ya binamu yake. Katukanwa, kapigwa kibao, hakuchoka. Huyo ndiye mwanaume. Hapana ya msichana ni ndiyo iliyochelewa tu."

"Unaamini hivyo kweli?"

"Kila mtu anaamini hivyo. Muulize mama."

"Msiniulize kitu," Mama Varalakshmi alisema. "Mimi nataka mechi irudi."

Mechi ikarudi. Lahari hakuitazama. Yeye aliyemkataza kila mtu kuinuka akainuka, akachukua mkoba wake, akamwinamia mama.

"Mama, naomba niende. Unisamehe."

"Uende wapi? Bado ova mbili tu, mipira kumi na miwili, mechi iishe!"

Viatu vyake vikasikika ngazini. Bhargav alibaki amesimama na birika mkononi, mdomo wazi.

Kabla mechi haijaisha, simu yake ikalia. Ujumbe.

*Jumapili msije nyumbani kwanza. Usinitafute.*

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Bhargav na mama yake kwenda kwa akina Lahari, wazazi wakae wapange uchumba. Sari ya zawadi ilishanunuliwa.

Akaandika haraka haraka: *Ni kwa sababu ya wiketi? Jamani nisamehe! Sitainuka tena maishani!*

Tiki mbili za bluu. Ameusoma.

Halafu India wakashinda. Fataki zikaanza kulipuka barabarani, na Bhargav akachanganyikiwa zaidi.

*Tumeshinda!* aliandika. *Sasa kosa langu liko wapi?*

Hakujibiwa.

*

Bhargav alikuwa na duka la rangi za nyumba. Asubuhi iliyofuata mteja aliomba rangi ya maziwa, akapewa ya bluu.

"Wewe una nini leo?" Suribabu alimuuliza. Suribabu alikuwa rafiki yake tangu shule, na pia katibu wa chama cha mashabiki wa Shujaa, cheo alichokichukulia kwa uzito kuliko kazi yake ya kuuza matairi.

"Lahari kaniacha."

"Kakuacha vipi? Ulifanya nini?"

"Sijafanya kitu. Niliinuka kufuata chai."

"Hakuna mwanamke anayemwacha mtu kwa sababu ya chai."

"Na wiketi ikaanguka."

"Aa," Suribabu alisema, akafikiri. "Kwa Lahari hiyo inawezekana. Yule binti ana mambo kwenye kriketi. Sasa sikiliza. Anakupima. Anataka aone kama utakaa nyumbani kama gunia la mchele au utamfuata. Wewe filamu umeiona mara nne, bado hujajifunza?"

"Kasema nisimtafute."

"Bwana wee! Kwani yule wa kwenye filamu alisema nini?"

Bhargav alijikuna kichwa. Ilileta maana. Kwa kweli, siku hiyo lilikuwa jambo pekee lililoleta maana.

Jioni akasimama nje ya ofisi ya bima alikofanya kazi Lahari, na shada la maua ya asumini mkononi. Lahari akatoka, akamwona, akasimama ghafla.

"Nilikwambia usinitafute."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Lahari alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Kisha akageuza macho kushoto, kulia.

"Watu wanatuangalia, Bhargav."

"Waangalie! Waone ninavyokupenda."

"Naomba niende nyumbani."

"Niambie kwanza kosa langu."

"Naomba niende nyumbani," alirudia, sauti imepungua, akapita pembeni yake karibu akikimbia.

"Kaomba mara mbili," Bhargav alimwambia Suribabu kwa simu. "Hakukasirika. Hakunitukana hata kidogo. Hii ni dalili nzuri au mbaya?"

"Nzuri sana! Endelea."

Akaendelea. Kesho yake akamsubiri kituo cha basi. Lahari hakushuka hapo. Siku iliyofuata akaenda kuegesha pikipiki mbele ya geti lao, na mvua ikamkuta palepale. Hakuondoka. Moyoni alijiona kama yuko kwenye skrini kubwa, maji yanamtiririka usoni, na pazia la dirisha la juu likatikisika. Akalipungia mkono.

Geti likafunguka. Hakuwa Lahari. Alikuwa dada yake mkubwa, Hymavathi, aliyeshonea watu blauzi humo ndani na kutoka kwa nadra. Ameshika mwavuli.

"Wewe ndiye Bhargav."

"Ndiyo, dada."

"Ingia barazani, unalowa."

Aliingia. Hymavathi hakumkaribisha kiti, naye mwenyewe hakukaa.

"Lahari amekwambia kwa nini mimi nashona?"

"Hapana, dada. Nilidhani unapenda."

"Nilikuwa nasomea kemia. Mwaka wa pili, akatokea kijana akasema ananipenda. Nikamwambia hapana. Akacheka, akasema nitabadilika. Nikibadilisha basi, naye anabadilisha. Wenzangu wakawa wananiimbia nyimbo za filamu nikipita. Mwalimu mmoja akaniambia nina bahati, napendwa. Kijana huyo alikuwa anasimama pale pale ulipoegesha pikipiki yako. Lahari alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuchungulia dirishani aniambie kama ameondoka."

"Alikufanya nini, dada?"

"Kila mtu ananiuliza hivyo. Hakunigusa. Na kwa kuwa hakunigusa, watu wakaona hakuna kilichotokea. Mimi nikaacha chuo."

Mvua ilipiga mabati. Bhargav alitafuta la kusema, akalipata lile baya.

"Lakini mimi siye yule. Mimi na Lahari tunapendana."

"Labda siye. Mimi sikujui. Lakini jana mdogo wangu amerudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma, kwenye matope, ili usimwone. Wewe unayempenda, niambie, umejisikiaje kusikia hivyo?"

Bhargav aliaga kwa kuinamisha kichwa, akaisukuma pikipiki mpaka mwisho wa mtaa bila kuiwasha. Aliona aibu hata ya kuifanya ingurume.

*

"Kwa hiyo hakuwa na hasira ya wiketi," Suribabu alisema kesho yake, taratibu.

"Hakuwa."

"Ila ile ni filamu tu, bwana. Watu wanapiga makofi."

"Na mimi nilipiga. Mara nne."

Mchana Bhargav alifunga duka, akaenda kuitazama tena, peke yake. Safari hii hakumtazama Shujaa. Alimtazama msichana. Alipofika nyumbani, alimkuta Mama Varalakshmi anasaga choroko za kupikia dosa, ile mikate myembamba.

"Mama, baba alikupataje?"

"Kwani hujui? Alinifuata sokoni kila siku, mpaka babu yako akachoka."

"Ulikuwa unafurahi?"

Mama akasimamisha mikono. Rojo la choroko likamdondoka vidoleni.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Nilimzoea. Nilimpenda pia, usidhani sikumpenda. Lakini ukiniuliza kipi kilitangulia, mwanangu, mimi sijui."

Bhargav alienda kukaa barazani. Alikuwa amedhani kwamba akishaelewa, kichwa kingetulia. Kumbe ndiyo kwanza kilivurugika. Alitaka kumwandikia Lahari kwamba ameelewa, akaandika, akafuta. Kumwomba radhi nako si kumtafuta? Na kukaa kimya je, si ndiko kumwacha? Hakuwa na wa kumuuliza. Filamu zote alizozijua hazikuwa na kipande hicho.

Jumapili ikapita bila wao kwenda. Hakumwandikia. Hakupita mtaa ule, hata siku alipokuwa na mzigo wa rangi wa kupeleka karibu na pale. Alizunguka njia ndefu ya kando ya mfereji.

Siku moja asubuhi, akichanganya rangi, simu ikaita. Lahari. Aliitazama mpaka ikakaribia kukata.

"Haloo?"

"Mbona hujaja?"

"Ulisema nisije."

"Mwanzoni pia nilisema, ukaja."

"Mwanzoni sikusikia. Lahari, naomba radhi. Na dada Hymavathi nitamwomba, kama atataka kunisikiliza. Kama hataki, basi."

"Nani kakufundisha kusema hivyo? Suribabu?"

"Suribabu kaniambia nijirushe mtoni kutoka darajani, ili uone."

Kicheko kidogo kikamtoroka Lahari, akakikatisha.

"Usinichekeshe. Bado sijakusamehe."

"Sawa."

"Nilipotoka kwenu siku ile nililia njia nzima. Mtu ninayetazama naye mechi, ninayebishana naye, eti moyoni anadhani hapana yangu si neno! Nikajiambia, Lahari, utaishije na mtu asiyekusikia?"

"Nimeirudia ile filamu."

"Mara ya tano! Bhargav!"

"Nilimtazama yule binti. Pale kituoni, jamaa anaimba, kamera iko kwa jamaa muda wote. Binti anaonekana kidogo tu pembeni. Amekumbatia mkoba wake kifuani namna hii, anatafuta pa kupita. Mara nne nilimwona, nikadhani anaona haya."

Bhargav alisikia mashine ya kushonea ya Hymavathi ikizunguka huko nyuma, kisha ikasimama.

"Nikuulize kitu," Lahari alisema. "Nikikwambia sasa hivi kwamba hapana, sikutaki, yameisha. Utafanya nini?"

Duka lilikuwa na wateja wawili. Bhargav akawageuzia mgongo.

"Nitaumia."

"Halafu?"

"Nitaenda nyumbani. Mama ataniona macho mekundu. Kesho nitafungua duka."

"Hutakuja kazini kwangu?"

"Sitakuja."

"Hutamtuma mtu?"

"Simtumi mtu. Lahari, mimi sijui tena mwanaume anatakiwa afanye nini hapa. Tangu siku ile nimechanganyikiwa, sijui lipi ni lipi."

"Afadhali," Lahari alisema. "Ulipokuwa na uhakika ndipo uliponitisha."

Mteja mmoja akagonga kopo la rangi kwa kidole. Bhargav hakugeuka.

"Jumapili hii njoo na mama," Lahari alisema. "Si kwamba nimeshakubali. Njoo tu. Na nahodha si mbumbumbu, ulikosea hata hapo."

Akakata.

*

Walikwenda. Mama Varalakshmi alibeba sari na sinia la ndizi na majani ya tambuu. Baba yake Lahari, mzee mpole aliyewahi kuwa karani wa reli, aliwakaribisha, akawapa maji, wakaongea habari za jua kali na timu ya taifa mpaka maneno yakaisha. Hymavathi alikaa kiti cha mwisho. Bhargav alikuwa ameshamwinamia mlangoni na kusema aliyokuwa nayo, maneno machache yaliyojikwaa. Hymavathi alimjibu "nimesikia", basi.

Kawaida, hapo wazee huulizana wao kwa wao, tarehe ikapangwa. Mzee akakohoa, akamtazama Bhargav, akamtazama Mama Varalakshmi. Halafu akamgeukia binti yake.

"Lahari, unamtaka huyu?"

Mama Varalakshmi alishtuka. Hakuna aliyezoea swali hilo kuulizwa hadharani namna ile. Bhargav aligundua kwamba hajui atakachojibu Lahari. Hakujua kabisa. Alijishika magoti, akangoja.

Lahari hakuharakisha. Alichukua glasi yake ya maji, akanywa, akaiweka chini. Akamtazama dada yake. Akamtazama Bhargav kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo," alisema.

Wa kwanza kushusha pumzi alikuwa Hymavathi.