Picha Namba Moja

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo sana: kwenye picha, jicho langu la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia.

Nilikuwa darasa la sita wakati huo, nikiishi kwa mjomba, mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ukutani lilining'inia pazia lililochorwa mawingu na njia nyeupe inayopinda hadi mbali. Kila siku nikitoka shule nilifagia, nikapangusa kioo, kisha nikaketi kwenye kigoda mbele ya mawingu yale ili mjomba ajaribu mwanga. Nikiwa pale nilijiona kama ninaelea. Nilipenda kufikiri kwamba siku moja nitaifuata ile njia nione inakoishia.

"Futa uso, mama, unang'aa kama sufuria mpya," mjomba aliniambia siku hiyo.

Nilichukua taulo la bluu kwenye msumari kando ya kioo. Jicho la kushoto lilikuwa likiniwasha tangu asubuhi, nikalisugua sawasawa kwa pembe ya taulo, halafu nikalitundika taulo mahali pake.

Nyuma ya picha yangu mjomba aliandika namba moja. Shule yetu ilikuwa imempa kazi ya picha za vitambulisho, wanafunzi wanane kila jioni. Namba mbili alikuwa Chiriku.

Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mimi waliniita Kobe, maana nikiulizwa swali shingo yangu iliingia mabegani. Tuliketi dawati moja. Mwalimu akiniuliza hesabu, Chiriku alijibu, "Kobe anasema ni ishirini na nne, mwalimu." Na kweli ndivyo nilivyotaka kusema.

Chiriku alijifuta kwa taulo la bluu, akapigwa picha huku anacheka. Wenzake wakafuata. Baada ya jioni mbili karatasi za picha zilimwishia mjomba, wengine wakaambiwa wangoje.

Siku ya tatu Chiriku alikuja shule macho mekundu kama nyanya, kope zimegandana. Siku ya nne wagonjwa walikuwa watano. Siku ya tano, tisa.

"Ni huyu!" alisema mvulana mmoja mrefu tuliyemwita Mnara, akimnyooshea Chiriku kidole. "Ukitazamwa na mwenye macho mekundu, umekwisha!"

Watoto wakawa wanafunika nyuso kwa madaftari Chiriku akipita.

"Geukia ukutani, taa nyekundu!" Mnara alimpigia kelele.

"Mimi nikutazame wewe?" Chiriku alimjibu Mnara. "Kwa sura hiyo, nitakayeumwa ni mimi!"

Lakini kufikia mapumziko maneno yalikuwa yamemwishia. Alikaa ameutazama ukuta hadi kengele ya mwisho. Jumatatu hakuja. Mwalimu alituambia kwamba Chiriku hataki tena kusikia habari za darasa letu, na mama yake anamtafutia shule nyingine.

"Wewe Kobe uko salama," Mnara aliniambia. "Humtazami mtu machoni."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimemtazama yeyote, na bado jicho langu ndilo lililotangulia kuumwa. Hakuna aliyeliona, kwa kuwa uso wangu uliinama siku zote. Basi katika darasa zima mimi peke yangu nilijua kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kutazamwa. Nilijua, nikanyamaza. Siku zile dunia yote niliiona kupitia machozi: taa zilikuwa na manyoya, watu walipita kama wamechorwa kwa maji. Kiti cha Chiriku tu ndicho nilichokiona vizuri.

Jumanne alikuja nesi wa zahanati, mama mfupi aliyevaa raba nyeupe. Alituuliza kama tunakunywa maji kwenye ndoo moja, kama wagonjwa wanakaa pamoja. Hakupata jibu la kumridhisha.

"Wametazamana, nesi," Mnara alisema.

"Ingekuwa kutazama, mwanangu, mimi ningekuwa kipofu tangu mwaka wangu wa kwanza kazini."

Darasa lilicheka. Mkononi nilikuwa na bahasha ya picha ambazo mjomba alinituma nimpe mwalimu. Namba moja haikuwemo. Ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nilikwenda hadi mezani, nikazipanga picha mbele ya nesi.

"Hizi ni za nini?"

"Wagonjwa wote wamo humu," nilinong'ona. "Ambao hawajapigwa picha ni wazima."

Nesi alinisogelea. "Kabla ya kupigwa wanafanya nini?"

"Wanafuta uso."

"Kwa kitu gani?"

"Taulo."

"La nani?"

"La wote."

Nesi aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akatugeukia. "Vijidudu haviruki kutoka jicho hadi jicho mnapotazamana. Vimo kwenye machozi na uchafu wa jicho. Uchafu unashika taulo au kidole, kidole kinagusa jicho jingine. Hiyo ndiyo njia yao."

"Na ule wekundu?" mmoja aliuliza.

"Wekundu ni mwili uko kazini. Mishipa inatanuka ili damu nyingi zaidi ifike, na ndani ya damu mna chembe nyeupe zinazovikamata vijidudu na kuvimeza. Machozi yanavisukuma nje, tena yana kitu kinachoua baadhi yao. Tongotongo mnazoamka nazo ni mabaki ya vita hiyo."

Nilifumba macho nikaziona: chembe nyeupe zikitembea kwenye ile njia ya pazia la mjomba, kimya kimya, zikifanya kazi isiyoonwa na mtu. Zilifanana na mimi. Ila zenyewe hazikuwa zimejificha.

Nesi aliagiza wagonjwa wapumzike nyumbani mpaka macho yaache kutoa uchafu, kila mtu awe na kitambaa chake, tunawe mikono kwa sabuni, tusipeane dawa za macho. Anayeumwa sana au asiyeona vizuri aende zahanati haraka.

Jioni mjomba alisikiliza yote, akakaa kwenye kigoda. "Miaka kumi nawapa watu taulo moja, nikidhani nawahudumia." Alilitia kwenye maji ya moto, na kando ya kioo akaweka beseni, sabuni na karatasi laini za kutupa.

Mwalimu na nesi walikwenda kwa kina Chiriku, na wiki iliyofuata akarudi. Mnara alimwomba radhi mbele yetu, kisha akaongeza, "Lakini kati ya picha zile ya kwanza ni yake, namba mbili, basi ndiye aliyetangulia kulishika taulo."

"Basi nisameheni," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua."

Nesi alikuwa mlangoni. "Anayeumwa hana kosa la kuombea msamaha, mwanangu. Msitafute mtu wa kulaumu, tafuteni njia ya ugonjwa muifunge. Na anayejua njia hiyo asikae kimya."

Shingo yangu iliingia mabegani.

Mwaka uliofuata niliacha shule, nikabaki studio na mjomba. Miaka mingi imepita, na juzi Chiriku alikuja na mtoto wake kupiga picha. Nilimpa mtoto karatasi safi afute uso, kisha nikatoa kwenye droo picha moja ya zamani, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Nikamwonyesha namba iliyo nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni.

"Chiriku, wa kwanza kulishika taulo nilikuwa mimi. Nisamehe."