Ovaroli ya Mwanafunzi Rubani

Usiku wa manane rafiki yangu Régine alisikia elisi, lile panga la mbele ya ndege, ikizungushwa kwa mkono uani: kra, kra, kimya. Ilikuwa kazi ya mumewe Kapya, kwa Wazungu wanaojifunza urubani, mpaka mwanafunzi mmoja alipowasha injini mapema, panga likamuua Kapya. Jioni ya siku hiyo ya kifo, kabla ya usiku ule, mwanafunzi huyo alimletea Régine ovaroli yake. "Mama, fua hii damu. Bwana yako alichelewa kutoa mkono."

Asubuhi, mgongoni mwa ovaroli iliyoanikwa uani, kulikuwa na kiganja cha mafuta meusi. Mwanafunzi akacheka, akaivaa, akaruka, hakurudi.

Jana kra, kra ilitoka kitandani kwa mtoto wake. Régine akanionyesha mgongo mdogo wa mtoto: kiganja kilekile cheusi. Mafuta yalikuwa bado ya moto.

"Usiambie muntu," akasema, nami, mwanangu akiwa mgongoni, nikaahidi.