Kiroba cha Duara

Kila asubuhi, kabla ya kumwamsha mdogo wake, Naibu alilivuta sanduku la mama kutoka uvunguni mwa kitanda, akalifungua kidogo na kuingiza pua. Humo mlikuwa na vitenge, gauni la kijani na mtandio mweupe, na vyote vilikuwa bado na harufu ya mama: mafuta ya nywele, sabuni ya kipande na jasho kidogo. Alivuta pumzi moja tu. Aliogopa kwamba akizidisha, harufu itaisha. Kisha alilifunga, akalirudisha uvunguni, akaenda kubandika chai.

Jina la Naibu alipewa na mama mwenyewe. "Huyu ni naibu wangu," mama aliwaambia wageni. "Siku nikichoka, yeye ndiye mwenye nyumba." Wageni walicheka. Sasa mama alikuwa amefariki, na mzaha ule ulikuwa umegeuka kazi. Baba akitafuta chumvi aliuliza, "Naibu, mama alikuwa anaiweka wapi?" Akitafuta sindano aliuliza vivyo hivyo. Naibu alijibu, na kila jibu lilipokuwa sahihi alihisi kama mama ametoka tu kidogo na atarudi.

Waliishi chini kabisa katika jengo la ghorofa. Nyumbani humo mlikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa tangu msiba. Kandambili za njano za mama zilikuwa bado mlangoni mwa bafu, moja imelala ubavu. Kila aliyekwenda kuoga alizikwepa.

Siku hiyo shule ilifungwa kabla ya mchana. Redio zilikuwa zimetangaza dhoruba kubwa, na mwalimu mkuu aliwataka wanafunzi waende moja kwa moja nyumbani wakawasaidie wazazi. Naibu alimshika mdogo wake mkono. Mtoto huyo wa miaka sita aliitwa Maswali, na jina lilimkaa vizuri.

"Dada, dhoruba inajuaje njia ya kuja kwetu?"

"Inauliza watu. Tembea."

Barabarani wenye maduka walikuwa wanapigilia mbao madirishani. Upepo ulikokota makopo kutoka upande mmoja wa lami hadi mwingine, na mbingu ilikuwa na rangi ya majivu.

Walimkuta baba nyumbani, jambo ambalo hawakulizoea. Alikuwa muoka mikate. Miaka yote dhoruba ilipokuja yeye alikuwa kiwandani, kwa kuwa kabla ya mvua kubwa watu hununua mikate mingi. Safari hii kiwanda kilifungwa. Alisimama katikati ya sebule akiangalia huku na huku kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Mimi dhoruba zote zimenikuta kwenye tanuri," alisema. "Nyumba aliiandaa mama yenu. Naibu, unakumbuka alikuwa anafanya nini?"

"Nakumbuka vyote, baba."

Na kweli alikumbuka mengi. Walijaza ndoo maji ya kunywa na kuifunika. Walichaji simu, wakaweka mishumaa na kiberiti ndani ya kopo. Vyeti na vitambulisho vilitiwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya kabati, pamoja na magodoro na madaftari. Baba alitoa viroba vya mchanga vilivyokaa chini ya ngazi, akavipanga mlangoni kimoja kimoja kama anavyopanga viroba vya unga kazini.

"Hivi havina hatari ya kuumuka," alisema, na Maswali akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baba kufanya mzaha baada ya muda mrefu.

Mwishoni kilibaki kiroba kimoja. Kilikuwa kidogo, cha turubai, cha duara kama mto wa kukalia, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Kilikuwa kimefungwa pamoja na tambara kuukuu na mfuko wa nailoni.

"Na hiki cha nini?" baba aliuliza.

Naibu alikitazama. Alimkumbuka mama akiwa bafuni, akiita, "Niletee kile kidogo!" Alikumbuka kukipitisha mlangoni na kukimbilia kumbembeleza Maswali aliyekuwa analia kwa sababu ya radi. Kilichofanyika baada ya hapo hakukiona. Neno "sijui" lilimfika mdomoni. Lakini akilisema, itakuwa kuna kitu cha mama kilichozikwa naye, na baba atajua kwamba naibu hana majibu yote.

"Cha mlangoni," alisema. "Kinakaa juu ya vingine."

"Mbona cha duara, na mlango si wa duara?" aliuliza Maswali.

"Wewe nawe. Nenda kakunje nguo zako."

Baba alikiweka juu ya vingine. Hakikukaa sawa. Alikisukuma, kikainama, akakiacha. Kisha akainama kulivuta sanduku la mama.

"Tulipandishe na hili?"

"Mama hakuwahi kulipandisha. Maji hayafiki huko."

Hapo alisema kweli. Miaka yote lilikaa uvunguni na halikuwahi kulowa.

Juu ya ngazi ilisikika sauti ya Bibi wa Juu, mzee aliyeishi katika jengo hilo tangu kabla hata halijapakwa rangi. "Nyie wa chini! Mmejiandaa au mnasubiri kuogelea?"

"Tumemaliza, bibi," Naibu alijibu.

"Kila kitu? Na kule nyuma? Kama kuna cha kuuliza niulizeni sasa. Mvua ikianza, magoti yangu hayashuki."

"Kila kitu, bibi. Najua."

Mlango wa bibi ukafungwa.

Mvua ilianza alasiri. Kwanza ilipiga madirisha, halafu ikawa kelele moja ndefu isiyo na pumziko. Umeme ulikatika. Baba aliwasha mshumaa, akasogea mlangoni kila mara kupapasa sakafu kwa kiganja. "Pakavu," alisema, na Naibu alijisikia mrefu. Walikaa juu ya meza, wakala mkate.

Maswali ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye ujia.

"Dada, kandambili za mama zinatembea."

Zilikuwa zinakuja polepole, moja nyuma ya nyingine, zikielea juu ya maji meusi. Halafu harufu ikafika. Maji hayakupitia mlangoni hata kidogo. Yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafu ya bafu, yakibubujika na uchafu wote wa mabomba ya mtaa. Viroba vya mlangoni, vilivyopangwa vizuri vile, viliyazuia yasitoke.

Baba aliruka chini na kuanza kuvivuta viroba. Alipofungua mlango, waliona kwamba maji ya nje yalikuwa bado chini ya kizingiti. Maji machafu yalitoka kwa kishindo. Naibu alikimbilia kwenye kitanda, akalikokota sanduku. Lilikuwa zito kama limejazwa mawe, na maji yalichuruzika pembeni. Alipogeuka, sanduku liliigonga ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa sakafuni. Mfuniko ulifyatuka, ndoo ikalala ubavu, maji ya sakafuni yakaingia. Aliisimamisha upesi, akarudisha mfuniko. Baba alikuwa amempa mgongo. Hakuna aliyeona.

Tundu liliendelea kububujika hadi mvua ilipopungua. Usiku ule walilala juu ya meza, wamebanana.

Asubuhi mtaa ulikuwa umejaa matope na mabati. Bombani hakukuwa na maji. Baba, macho mekundu, alikuwa anakomba sakafu kwa ubao. Naibu alifungua sanduku. Gauni la kijani lilikuwa jeusi hadi kiunoni. Aliingiza pua, akalifunga. Hakulia. Alikaa tu, mkono juu ya mfuniko.

"Nina kiu," Maswali alisema.

Baba alipangusa mikono, akachukua kikombe, akachota maji kwenye ndoo. Kwenye mwanga hafifu maji yalionekana safi.

Naibu alikiona kikombe kikienda. Akisema, ataulizwa kwa nini alinyamaza. Akiulizwa hilo, ataulizwa na mengine, mpaka wafike kwenye kiroba. Maswali alinyoosha mikono yote miwili.

"Baba, usimpe."

Baba alisimama. "Kuna nini?"

"Maji machafu yameingia ndani. Mimi ndiye niliyeiangusha. Nikaifunika." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sasa haikuweza kusimama. "Na kile kiroba, baba, sijui ni cha nini. Sikuwahi kujua. Mama alikuwa anafunga mlango. Nilisema najua ili... ili kitu cha mama kisipotee."

Baba alimwaga kikombe nje. Alirudi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro.

"Mimi niliona hakikai sawa," alisema. "Niliona, nikanyamaza. Niliona aibu kwamba miaka yote hii sijui nyumba yangu inazuiaje maji. Nikakutwika wewe mzigo huo kwa sababu unaitwa Naibu." Alimvuta karibu. "Ungenyamaza leo, tungekuwa tunambeba mdogo wako kwenda hospitali. Hilo la leo umelifanya vizuri. La jana tumekosea wote wawili."

Naibu alipanda ngazi akiwa na kile kiroba mkononi. Bibi wa Juu alifungua mlango, akamtazama miguu iliyojaa matope, hakumgombeza. Nyuma yake jiko lilikuwa linawaka na sufuria ya maji ilikuwa inachemka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeshachemsha yenu pia. Harufu ilipanda hadi huku, nikajua."

"Bibi, nimekuja kuuliza." "Hiki kinawekwaje? Linaanza tambara au unaanza mfuko?"

 Bibi wa Juu alikichukua kiroba, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, na macho yake yakajaa machozi.

"Mama yako alisimama hapo hapo ulipo," alisema. "Kila mwaka, mawingu yakianza tu, nasikia ngo ngo. 'Bibi, linaanza tambara au mfuko?' Mwaka wa kwanza nikamwonyesha. Wa pili akaja tena. Wa tatu nikamwambia, wewe mwanamke una kichwa au una chungu? Akacheka, akasema, 'Bora unicheke wewe kuliko nyumba yangu inuke.'"

Naibu alimkodolea macho. "Mama alikuwa hajui?"

"Alikuwa anasahau, kama watu wote. Ila hakuona haya kupanda ngazi hizi."

Alishuka naye taratibu, akishika ukuta, akilaumu magoti kila ngazi. Bafuni aliwaonyesha wote, hata baba. Tambara linatiwa ndani ya mfuko, mfuko unasukumwa kwenye tundu mpaka ukaze, kisha kiroba cha duara kinakaa juu yake. Kilikaa barabara, bila upenyo.

"Kumbe tundu ndilo la duara," Maswali alisema, na safari hii dada yake hakumnyamazisha.

Siku nzima walisafisha. Sakafu walisugua kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya nailoni. Maji ya kunywa yalikuwa yale tu yaliyochemshwa, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Nguo za mama zilifuliwa mara kadhaa kwa maji ya mvua ya kwenye pipa, zikaanikwa uani. Zilipokauka, Naibu aliingiza pua kwenye gauni la kijani. Lilinukia sabuni na jua, basi. Hapo ndipo alipolia, na Bibi wa Juu alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema kisha. "Harufu ingeondoka tu, hata bila dhoruba. Cha mama yako kilichobaki ni hiki: kitu asichokijua alikiuliza kabla ya mvua, hakungoja maji yaingie. Ukisema 'najua' na hujui, wanaokutegemea ndio wanaolowa. Sema 'sijui', uliza, halafu ufanye. Hapo utakuwa naibu wake kweli."

Naibu alipangusa uso. Aliziokota kandambili za njano, akazisugua kwa maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa, akazijaribu. Zilikuwa kubwa kidogo kisiginoni. Akazivaa hivyo hivyo, akaingia bafuni kumalizia sakafu.