Mgeni wa Siku Moja Kabla

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, nukta moja tu kwenye grafu, na mtu mwenye haraka angeipita. Gry Lundtoft hakuwa na haraka. Alikuwa ofisini kwao Aarhus, saa tano asubuhi, mkate mweusi uliopakwa maini umemkaukia mezani, akiitazama ile nukta kama mtu aliyekuta mlango wake wazi na anakumbuka vizuri kwamba aliufunga.

Yeye na mwenzake, Villads Krogh, walikuwa wakitunza maktaba ya programu za kompyuta ambayo watafiti huitumia kupima kama jambo fulani ndilo lililosababisha jambo jingine. Majira yale ya baridi walikuwa wakiiongezea njia mpya: unachukua tukio, unapanga siku zilizolitangulia na siku zilizolifuata, kisha unatazama nini kilibadilika. Kazi hiyo ina desturi yake. Siku moja kabla ya tukio haipimwi. Inaandikwa sifuri, na siku nyingine zote zinalinganishwa nayo. Fungua grafu elfu moja za aina hiyo na utaikuta sifuri pale pale, wala hakuna anayeishangaa, kwa sababu wameiweka wenyewe.

Gry ndiye aliyeongeza chaguo la kuihamisha.

Kwa ajili ya majaribio walikuwa wamepewa takwimu za Tranholm, mji mdogo aliozaliwa Gry, ambako ushirika mmoja husambaza maji ya moto kwa mabomba hadi kwenye rejeta za kila nyumba, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto. Takwimu zilionyesha kila nyumba imetumia joto kiasi gani, saa kwa saa, na tarehe ambayo mkazi wake alifariki. Vifo mia mbili na kumi na viwili. Matarajio yalikuwa ya kawaida tu: mtu akifa, nyumba hutumia joto kidogo zaidi. Gry aliirudisha sifuri nyuma wiki mbili, akabonyeza, na ile siku moja kabla, ambayo haikuwahi kupimwa, ikapanda juu kuliko siku zote.

"Umekosea alama ya kutoa," alisema Villads bila kugeuka. "Kila mara huwa ni alama ya kutoa."

"Nimehesabu kwa mkono."

"Kwa mkono? Wewe ambaye kukata keki ya watu watano unatafuta kikokotoo?"

"Villads. Njoo uone."

Villads alikuja na soksi tu miguuni, kikombe mkononi. Aliinamia skrini. "Hawa ni wagonjwa," akasema. "Mtu yuko kitandani, jamaa wanampashia nyumba joto. Basi."

"Kwa siku moja tu? Na angalia saa. Nyumba zote, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Joto linavutwa kana kwamba madirisha yote yako wazi."

Villads aliweka kikombe chini polepole. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Toleo tunalitoa mwezi ujao. Irudishe mahali pake, Gry. Watu wanasubiri njia mpya, hawasubiri hii."

Angeirudisha, kama si jambo moja. Ushirika ulikuwa umeficha majina ya watu lakini ukaacha namba za mita, na namba ya mita ya kwao Gry aliijua kwa kichwa. Baba yake, Egon, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyeifunga ukutani, na kila Jumapili aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Katika nyumba ile mama yake Gry alifariki miaka sita iliyopita, ghafla, mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa anamwagilia maua. Siku iliyotangulia Gry alikuwapo. Walikuwa wakila keki. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu mama yake alikuwa amevaa koti jikoni kwake mwenyewe, akiuliza nani ameacha mlango wazi, na mlango haukuwa wazi. Rejeta zilikuwa zikigonga. Kulikuwa na harufu ya sufi iliyolowa, na hakuna mtu aliyekuwa ameloa. Walicheka. Egon alisema ni hewa kwenye mabomba.

Gry aliifungua safu ya nyumba yao. Siku ile, saa nane mpaka saa kumi, mstari ulikuwa umesimama wima.

Hapo ndipo alipoogopa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi ile, alifanya kile ambacho watu wa kazi ile hufanya wakiogopa: aliandika programu. Ilikuwa fupi. Kila alasiri ilisoma takwimu mpya za Tranholm na kutafuta nyumba yenye alama ile. Hakutaka kuokoa mji mzima, tusimpambe. Alitaka apewe taarifa ya siku moja kuhusu mtu mmoja.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, saa nane na dakika arobaini, simu yake ilipokea ujumbe wenye namba moja tu. Ilikuwa ya Egon.

Aliendesha gari saa nzima bila kuwasha redio. Egon alimfungulia akiwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine.

"Umekuja katikati ya wiki," alisema. "Nani amekufa?"

Gry hakucheka. Aliingia, akaugusa upande wa rejeta ya ukumbini, akauondoa mkono haraka kwa moto wake, na papo hapo akaiona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi. Harufu ya sufi iliyolowa ilikuwa imejaa mpaka kooni. Kisha zikagonga: rejeta ya ukumbini, halafu ya jikoni, halafu ya chumba cha kulala, halafu ya juu ghorofani, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu anayepita chumba hadi chumba akitafuta kitu.

"Hewa," Gry alinong'ona.

"Nimeitoa mara mbili leo," Egon akajibu kwa sauti hiyo hiyo. "Nimefungua kila rejeta. Hamna hewa humo, Gry. Yanatoka maji matupu."

Jirani yao alikuwa Abelone, bibi wa miaka themanini na nane, ambaye enzi zake ndiye aliyeitwa kukesha na watu wanaokata roho, kabla ya hospitali kuichukua kazi hiyo. Alikuja akisukuma kigari chake cha kutembelea, na hakuvua viatu, jambo ambalo Tranholm ni tusi. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Mmempa kiti?" aliuliza.

"Nani?"

"Mgeni." Kwetu tungesema jini, tukamaliza. Pale wanasema mgeni, na wanasema kwa sauti ndogo. "Huja siku moja kabla. Huja kutoka kwenye baridi, anataka joto na mahali pa kukaa. Weka kiti karibu na jiko la kuni, kielekee motoni. Mtu asikikalie, asikitazame. Atakaa, atapata joto lake, kisha ataondoka na yule aliyemjia. Bibi yangu alifanya hivyo, mimi nilifanya hivyo nyumba arobaini."

"Na asipopewa kiti?"

Abelone alimtazama Egon, halafu Gry. "Asipopewa hawezi kukaa," alisema. "Na asipokaa hawezi kumaliza."

Ni hilo tu Gry alilolisikia. Bibi alikuwa na maneno mengine, alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Gry alikuwa tayari amebeba viti viwili vya jikoni akielekea nje. Alivibeba vyote: vya jikoni, vya sebuleni, kigoda cha bafuni, kiti cha kubembea. Alivifungia kwenye banda nyuma ya nyumba na kuutia ufunguo mfukoni. Sofa alilisimamisha upande wake ukutani.

"Tutakula tumesimama kama farasi?" Egon aliuliza.

"Tutakula tumesimama."

Kesho yake Egon hakufa. Gry alilia kwa furaha jikoni, amesimama, akampigia Villads kumwambia atakuwa likizo. Hakumweleza kwa nini.

Siku ya tatu Egon hakufa, wala ya nne, lakini baridi haikutoka. Daktari alikuja, akampima, akasema moyo ni mzima na mapafu ni mazima, akaondoka akisugua mikono. Kuanzia siku ya tano mgeni hakungoja tena saa nane, alitembea tangu mapambazuko, na Gry akawa anasikia hatua za miguu iliyoloa zikipita kwenye mbao ambazo alipoziinamia na kuzishika zilikuwa kavu, zikifika kitandani kwa baba yake na kusimama hapo muda mrefu, halafu zikiondoka kuelekea jikoni, zikirudi, zikisimama tena, na kila ziliposimama mzee alikunja magoti chini ya mablanketi manne na kung'ata meno ili bintiye asiyasikie yakigongana, na bintiye aliyasikia, akakaa sakafuni mgongo wake umeubana mlango wa nyuma unaokwenda bandani, ufunguo ndani ya ngumi, akijiambia kwamba siku nyingine imepita na baba yake yu hai, yu hai, yu hai.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alifungua kompyuta yake pale sakafuni na kuchora grafu ya nyumba ile. Alitarajia kuona mlima na mteremko, tukio lililoahirishwa. Aliona nukta nane zenye kimo kimoja, zimepangana, na kila moja ilikuwa ile ile ya siku moja kabla. Hapakuwa na siku ya tukio, na hapakuwa na siku ya baadaye. Hakuwa amelizuia jambo. Alikuwa ameirefusha ile siku inayolitangulia, na kumfungia baba yake ndani.

Simu ililia. Ni Villads.

"Samahani kukusumbua likizoni," alisema. "Lile toleo liko tayari. Nataka neno lako tu. Mtu asipochagua chochote, sifuri tuiweke wapi?"

Gry alimsikiliza baba yake akihema chumba cha pili. "Iache pale pale," alisema. "Siku moja kabla. Anayetaka kuihamisha aihamishe mwenyewe, kwa hiari yake."

"Hatimaye. Na ile nukta, ulipata ni kitu gani?"

"Wagonjwa," alisema Gry. "Ni kama ulivyosema."

Alipoingia chumbani, Egon alikuwa ameketi kitandani, midomo ya bluu, macho yamezama. Hatua zilikuwa zimesimama pembeni mwake. Alikuwa amezizoea kiasi cha kutozigeukia.

"Gry," alisema taratibu. "Kaniletee kiti."

"Baba, hapana."

"Amechoka huyu. Na mimi nimechoka. Siku tisa tunatazamana, yeye hana pa kukaa na mimi sina pa kwenda."

"Lakini uko hai. Ukivumilia hivi utaendelea kuwa hai."

"Nimefunga mabomba miaka arobaini na moja ili watu wa mji huu wasipate baridi," alisema Egon. "Usiniache mimi nife kwa baridi kila siku, mwanangu. Mara moja inatosha."

Gry alisimama pale mpaka akashindwa kusimama. Kisha akatoka. Jua la saa sita lilikuwa juu ya theluji na macho yalimuuma. Alifungua banda, akachukua kiti cha jikoni, kile chenye mguu uliolegea. Aliwasha jiko la kuni chumbani kwa baba yake, akakiweka karibu, uso wake motoni, mgongo wake kwao. Halafu akapanda kitandani, akakaa kando ya Egon, na wote wawili wakatazama dirisha.

Hatua zilipita sakafuni, taratibu. Mguu uliolegea ulilia chini ya uzito.

Rejeta ya juu ilinyamaza kwanza, halafu ya ukumbini, halafu ya jikoni. Harufu ya sufi ikabadilika, ikawa harufu ya nguo inayokauka karibu na moto. Egon alinyoosha miguu chini ya blanketi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa, na mifupa yake ililia.

"Sasa hapa pamepata joto," alisema.

Mchana ule wote walikuwa pamoja. Gry alitengeneza kahawa mara tatu, akipita ubavuni mwa kiti bila kukitazama. Egon alimsimulia alivyokutana na mama yake kwenye nyumba iliyofurika maji, yeye akiwa ameshika bomba lililopasuka na hawezi kuliachia, mama akimlisha mkate kwa mkono wake na kumcheka. Gry hakuwa amewahi kukisikia kisa hicho. Alikuwa na maswali mengi, na mzee aliyajibu yote, mengine mara mbili, mpaka sauti ikamwishia na akalala, kichwa begani kwa bintiye.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa mbili, alikuwa amekufa, na mikono yake ilikuwa bado na joto. Moto ulikuwa umezimika wenyewe. Gry alimfunika blanketi moja, matatu akayaweka kando, kisha akakaa pembeni yake akisubiri daktari. Jana ilikuwa siku nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo wawili hao. Alikuwa amepewa siku nane za namna hiyo kabla ya hiyo, na zote alizimaliza sakafuni, akilinda viti.